Vikadi Kumi na Kimoja

Kama mume wangu angekuwa na mwanamke wa pembeni, ningejua la kufanya. Ningemfuata huyo mwanamke, ningemtolea uvivu mtaa mzima usikie, na tungeyamaliza. Lakini mimi niliolewa na mtu wa nishani. Miaka thelathini na moja nimeishi nazo nyumba moja, zimelala kwenye droo ya kabati la chumbani kwetu, zinafutwa vumbi kila Jumapili asubuhi kabla mimi sijaulizwa nimeamkaje. Sasa hapo utamwonea wivu nani? Vipande kumi na kimoja vya fedha, kila kimoja kina zaidi ya miaka mia na thelathini.

Mzee wangu alikuwa fundi saa. Tulikuwa bado hatujapata mtoto siku bibi mmoja alipomletea saa ya marehemu mumewe aitengeneze, na ndani ya kisanduku cha ile saa, chini ya pamba, akakuta nishani. Bibi akasema hiyo chukua tu, sijui hata ya nini. Basi. Nilimpoteza mume wangu siku hiyo hiyo, na nilikuwa nimekaa pale pale dukani napiga miayo.

Zamani hizo, katika karne ya kumi na tisa, kulikuwa na chama cha watu waliowatuza waliookoa wenzao majini. Ukimtoa mtu mtoni akiwa hai, chama kinakuita ukumbini, unapigiwa makofi, unakabidhiwa nishani ya fedha. Imechorwa mkono unaochomoza kwenye mawimbi, na mkono mwingine umeukamata. Huo ndio upande niliouona mimi miaka yote, kwa sababu ndio uliokuwa juu kila nilipofungua droo kutafuta soksi zake.

Chama chenyewe kilikufa upesi. Nishani zilizotolewa zilikuwa chache na zilizobaki ni chache zaidi, na mzee alizitafuta kama mtu aliyepotelewa na watoto. Aliandika barua kwa wajukuu na vitukuu wa watu asiowajua. Alisafiri siku mbili kwenda kuzungumza na kikongwe asiyesikia. Kuipata nishani kwake haikuwa kitu. Alitaka kujua ilikuwa ya nani. Akishapata jina alirudi nyumbani anatembea kifua mbele, utadhani yeye ndiye aliyemtoa mtu majini, na kuogelea hajui! Kisha alikata kadi ya duara, akaandika kwa kalamu ya wino mwandiko wake mdogo mdogo: jina, mwaka, mto gani, nani aliokolewa. Kikadi kinawekwa ndani ya kishimo kwenye trei, na nishani inalala juu yake.

Mimi majina sikuyashika. Niliwashika kwa kazi zao, kwa sababu alinisimulia mpaka nikachoka. Mvushaji. Mwoka mikate. Askari jela. Kinyozi. Mkunga. Na dobi, mwanamke aliyekuwa anafua nguo za watu mtoni, akamwona mtoto anasombwa. Akamtoa. Akarudi akamtoa wa pili. Akarudi akamtoa wa tatu. Alipogeuka, nguo zote zimekwenda na maji, na mwenye nguo akamfukuza kazi. Hadithi ya dobi niliipenda, ila sikumwambia mzee hata siku moja. Ningempa kichwa.

"Watu hawa hawana picha," aliniambia mara moja. "Hawana kaburi linalojulikana. Wana kikadi changu tu."

"Na mimi nina nini?" nikamwuliza.

Akacheka. Alidhani natania.

Mwaka jana alikubaliana na makumbusho kwamba atawapa nishani zote bure, wao waziweke ukumbini kwenye kabati la kioo, kila moja na jina la mwenyewe na alichokifanya. Tarehe ikapangwa. Aliisubiri tarehe hiyo kwa hamu ambayo sikumwona nayo hata siku ya harusi yetu.

Halafu, miezi minne iliyopita, wakati anafunga duka, kiharusi kikamwangusha. Mkono wa kulia ukafa, mguu wa kulia ukawa wa kuburuta, na maneno yote yakamtoka kinywani likabaki moja: ndiyo. Unataka chai? Ndiyo. Umeshiba? Ndiyo. Baba, wewe ni mwanamke? Ndiyo. Hilo la mwisho alimwuliza binti yetu kumtania, tukacheka wote watatu, yeye mwenyewe akicheka kwa nusu ya mdomo, kisha mimi nikaenda jikoni kulia. Daktari akatuambia kusoma nako kumekwenda. Anaziona herufi lakini hazimwambii kitu. Nikamwuliza daktari, je, anatuelewa tukisema? Akasema kuna siku ataelewa na kuna siku hataelewa, na yeye mwenyewe hataweza kutuambia ni siku ipi.

Sasa nieleze upumbavu wangu.

Mvua zilikuwa zimenyesha wiki tatu mfululizo. Nikafungua droo, harufu ya ukungu ikanipiga puani. Mahameli iliyotandikwa kwenye trei ilikuwa imeota madoadoa ya kijani, na Alhamisi ya wiki iliyofuata ndiyo siku mama wa makumbusho anakuja kuzichukua. Nikasema, haya, mume hajiwezi, mke yupo. Mimi ni fundi cherehani miaka yote hii, nimetia bitana makoti ya maharusi na ya majaji, nitashindwa kutia bitana trei? Tena nikafurahi. Nilitaka aone kwamba mara moja hii mkono wangu nao umeingia kwenye mambo yake.

Nikatoa nishani zote kumi na moja, nikazilaza kwenye beseni juu ya taulo. Vikadi nikavikusanya kwenye kikombe. Nikaibandua mahameli iliyooza nikaitupa, nikakata nyingine ya zambarau, nikaibandika kishimo kwa kishimo, pindo limekaa sawasawa kama kola ya shati. Mchana kutwa nilifanya kazi hiyo nikiimba. Jamani, nikiimba!

Asubuhi gundi ikawa imekauka. Nikamwaga vikadi mezani, nikachukua nishani ya kwanza, nikaigeuza nisome jina nimtafutie kikadi chake.

Upande wa nyuma kulikuwa na shada la majani, na katikati ya shada, patupu.

Nikachukua ya pili. Patupu. Ya tatu. Nilizigeuza zote kumi na moja, kisha nikazigeuza tena. Zote ni mkono na mawimbi, zote ni shada na patupu. Nikakaa sakafuni. Miaka thelathini na moja ndani ya nyumba hii, na sikuwahi kugeuza hata moja nione nyuma kuna nini.

Nilimpigia simu Lenzi. Huyu ni rafiki wa mzee, naye ni mkusanyaji, tulimbatiza jina hilo kwa sababu ya miwani yake minene kama vitako vya chupa. Alikuja haraka, akaangalia beseni, akaangalia kikombe, akaniangalia mimi.

"Shemeji, ulizitoa moja moja?"

"Nilizitoa zote."

"Zote kwa mpigo?"

"Ulitaka nizipange foleni?"

Akavua miwani. Sikuwahi kumwona bila miwani. Alionekana kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Hatuzitoi zote, shemeji. Hakuna mkusanyaji anayezitoa zote. Unatoa moja, unaifuta, unairudisha mahali pake, ndipo unagusa nyingine. Hicho chama kilikuwa hohehahe, hakikuwa na cha kumlipa mchonga majina. Majina waliandika kwenye vyeti vya karatasi, na vyeti vililiwa na mchwa zamani."

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukuwahi kuuliza."

Nilitaka kumzaba kibao. Nilitaka kumzaba kwa sababu alikuwa amesema kweli, na kwa sababu nilimkumbuka mzee kila Jumapili, ametoa moja, amerudisha, ametoa nyingine, na mimi nampitia na fagio nikisema, mwanamume mzima unabembeleza chuma.

"Lakini ameandika mahali," nikasema. "Daftari lake lile."

Tulilifungua daftari. Kurasa mia mbili za watu: nani alimzaa nani, mto ulifurika mwezi gani, mkunga alivaa nini siku ya kutuzwa. Kuhusu nishani zenyewe, hii ina mkwaruzo gani, ile ina doa wapi, hakuna hata mstari. Angeandika ya nini? Alizijua kwa vidole, na vikadi vilikuwa chini yake.

Lenzi alikaa nazo mpaka alasiri na mizani yake na kioo chake cha kukuza. Kikadi cha askari jela kilitaja tundu, kwa kuwa mjukuu wake aliivaa shingoni, na nishani moja kweli ilikuwa na tundu. Kikadi cha kinyozi kilitaja ukingo uliobonyea, tukaupata. Mbili. Zilizobaki tisa zilikuwa mapacha watupu. Lenzi alipanga vitu vyake kwenye mkoba, akasimama mlangoni kama mtu anayetoa pole msibani.

"Anayejua ni mmoja tu," akasema, na wote wawili tukatazama sebuleni, alikokaa mzee kwenye kiti chake, blanketi magotini, anaangalia dirisha.

Binti yetu alikuja jioni. Nikamsimulia yote. Yeye ni nesi, ni mtu wa mambo yanayofanyika.

"Mama, weka tu," akasema. "Weka kikadi chochote chini ya nishani yoyote. Nani atajua?"

"Baba yako atajua."

"Baba..." akaanza, asimalizie.

Naungama, nilijaribu. Alipoondoka nilikichukua kikadi cha dobi nikakiweka chini ya nishani iliyokuwa karibu. Ikakaa vizuri. Nikakihamishia chini ya nyingine. Ikakaa vizuri vile vile. Nilikizungusha chini ya zote tisa na kila moja ilimkubali. Yule mama alirudi majini mara tatu, mimi nimemtupa kwenye kikombe na sijui pa kumtoa.

Siku iliyofuata nilipiga moyo konde. Nikamsogeza mzee mezani penye mwanga, nikamtandikia taulo, nikampangia nishani zile tisa. Sikumwambia kilichotokea. Nilijifanya nacheza.

"Mzee, dobi ni yupi hapa?" Nikainua ya kwanza. "Ni huyu?"

"Ndiyo."

Nikainua ya pili. "Au huyu?"

"Ndiyo."

Tulikwenda hivyo mpaka ya tisa. Nilihisi hasira inanipanda, na hasira kwa mgonjwa ni dhambi, nikaimeza. Nikawaza, maneno hayapiti, labda vitendo vitapita. Nikasimama katikati ya sebule, na umri wangu huu na magoti yangu haya, nikainama nikafua. Nikasugua, nikakamua, nikaanika. Nikashtuka, nikamwona mtoto, nikajirusha kwenye zulia, nikaogelea, nikamvuta kwa nywele.

Mzee akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho miezi minne. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, taratibu, vidole vikitafuta, akaokota nishani moja akanipa.

Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Nilimbusu kipara. Nikakimbilia kikadi cha dobi, nikafunga ile nishani na uzi wa zambarau isije ikapotea tena. Nilimwigiza mwoka mikate, nikakanda, akanipa moja. Nilimwigiza mvushaji, nikapiga kasia, akanipa nyingine. Mpaka saa ya chakula watu wote walikuwa wamerudi nyumbani kwao, na mimi nilikuwa na jasho kama niliyetoka shamba. Nilimpigia Lenzi simu. Akasema, "Shemeji, kesho rudia. Usimwonyeshe uzi. Rudia tu uone."

Laiti nisingerudia.

Asubuhi nikakata nyuzi zote, ila kabla sijakata nilipiga kila nishani picha kwa simu nikakuza mikwaruzo, nijue ipi ilikuwa ipi. Nikazichanganya. Nikafua katikati ya sebule. Mzee akacheka, akanyoosha mkono, akanipa nishani. Haikuwa ya jana. Nikasema labda amekosea. Nikafua tena. Akacheka tena, akanipa ya tatu.

Hapo ndipo nikamwangalia yeye badala ya kuangalia mkono wake. Macho yake hayakuwa kwenye nishani hata kidogo. Yalikuwa usoni pangu. Aliokota iliyo karibu, akanipa, akasubiri kuona nitafurahi kama jana. Mume wangu alikuwa ananipa zawadi.

Nilimshukuru. Ningefanya nini? Nilizipokea zote tisa, moja baada ya moja, kila mara nikapiga kelele za furaha, halafu nikaingia chooni nikafungua bomba.

Alhamisi mama wa makumbusho akafika na mwenzake wa kubeba, wana glavu nyeupe na fomu. Mtu wa adabu kweli. Alimwamkia mzee kwanza, akainama mpaka usawa wa uso wake, akamwambia kabati la kioo liko tayari, taa zimefungwa, amebakiwa na kuandika majina tu. "Ndiyo," mzee akasema, uso umemng'aa, ule upande mzima. Siku hiyo, nakuapia, alikuwa ameelewa. Alikuwa amekaa wima tangu asubuhi, na aliponiona natoa shati lake jeupe aliinua mkono mwenyewe nimvishe.

Nilileta trei. Nishani mbili zilikuwa juu ya vikadi vyake. Tisa zilikuwa juu ya mahameli tupu, na vikadi tisa viko kwenye kikombe pembeni.

Mama wa makumbusho alivitazama. "Hivi navyo?"

Nikamwambia. Nilisimama nikasema yote, ukungu, bitana, beseni, mpaka kufua katikati ya sebule. Sikujitetea. Yeye hakunikaripia, na ningemshukuru kama angenikaripia. Alivaa glavu vizuri, akachukua fomu, akaanza kuandika mstari kwa mstari. Mwenyewe hajulikani. Mwenyewe hajulikani.

"Na vikadi?" nikamwuliza.

"Tutavihifadhi kwenye bahasha, ofisini."

"Hawataonekana kwenye kioo?"

"Mama yangu, siwezi kumwandikia mtu nishani nisiyoijua kuwa ni yake. Watu wanakuja kusoma pale. Wanaamini."

"Hata dobi?"

Hakujua namzungumzia nani. Akaendelea kuandika.

Nikageuka. Mzee alikuwa ananiangalia. Hakuwa akimwangalia yule mama, wala trei, wala glavu nyeupe. Ananiangalia mimi, na uso wake ulikuwa umezimika. Sijui alisikia kiasi gani. Nikaenda nikapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Mzee," nikamwambia, "nimewachanganya watu wako. Nilidhani majina yako nyuma. Sikujua, kwa sababu sikuwahi kuangalia. Umeishi na mimi miaka yote hii na sikuwahi kuangalia."

Akainua mkono wa kushoto, akauweka kichwani pangu. Ulikuwa mzito na wa moto. Mwenzake yule mama aliacha kufunga karatasi.

"Umenielewa?" nikamwuliza.

"Ndiyo."

"Umenisamehe?"

"Ndiyo."

Ningeishia hapo. Mtu mwenye akili angeishia hapo, angeinuka, angekung'uta gauni, angewakaribisha wageni chai. Lakini mimi nilitaka kujua.

"Hujanisamehe?"

"Ndiyo," akasema, na mkono haukuondoka kichwani pangu.